TUIULIZE ARDHI KABLA YA KUICHIMBA

Yafuatayo ni maneno ya mwanachama wetu mmoja, mhandisi wa ujenzi aliyestaafu, aliyoyatoa mbele ya mkutano wa mwaka wa umoja wetu uliofanyika Nzuguni, kwenye kiwanja tunachotarajia kujenga hosteli. Tunayachapa karibu yote kama alivyoyasema, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika na kwa faida ya wanafunzi walioko shuleni sasa. — Mhariri.



 Najua kwamba nimesimama kati yenu na chakula, na harufu ya nyama ya mbuzi imekwisha kutufikia. Nitajitahidi kutowachosha.

Ndugu Mwenyekiti, sote tunajua kwa nini tumekinunua kiwanja hiki. Vijana wetu wanaotoka mbali hushuka kwenye stendi kuu ya mabasi hapa Nzuguni saa nne au saa tano za usiku, na wengine hulala juu ya masanduku yao hadi asubuhi. Tumechanga fedha ili wapate mahali pa kulala. Ramani imekwisha kuchorwa, saruji imekwisha kulipiwa, na tumeambiwa kwamba Jumamosi ijayo msingi unaanza kuchimbwa.

Naja kwenu na ombi moja ambalo halitawapendeza wote. Naomba tusichimbe Jumamosi ijayo. Naomba wiki mbili, ili tuchunguze kama katika ardhi hii hakuna bomu, kombora au baruti iliyosahauliwa.

Nilipolitaja jambo hili kwa wajumbe jana jioni, ndugu yetu mmoja alicheka akaniuliza, "Mabomu Nzuguni? Hapa vita ilipiganwa lini?" Sikukasirika, kwa sababu swali hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtaalamu yeyote angeuliza. Kosa letu ni kwamba tunaliuliza kwa kucheka, kisha hatungoji jibu.

Basi tulijibu. Vyuma vya vita na vilipuzi huingia ardhini kwa njia kadhaa, na kwa kila kiwanja inafaa kuzipitia zote moja baada ya nyingine.

Njia ya kwanza ni vita yenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilifika katika mkoa huu. Mwezi Mei 1916 Wajerumani waliyashambulia majeshi ya Jenerali van Deventer kule Kondoa Irangi, na mwishoni mwa Julai mwaka huohuo majeshi hayo yaliteremka yakaiingia Dodoma na kuishika reli ya kati. Mapigano makubwa yalikuwa Kondoa, si hapa. Kwa hiyo kama tungejenga Kondoa ningesema kwa sauti kubwa zaidi. Hapa nasema kwa sauti ya kawaida, lakini nasema.

Kwingineko nchini hali ni tofauti. Mkoa wa Kagera ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa 1978, na makombora ya pande zote mbili yaliangukia mashambani. Kusini, mpakani na Msumbiji, Wareno walitega mabomu wakati wa vita vya ukombozi. Hata Mwanza, ambako hakukuwa na uwanja wa mapambano, ndege ya Libya ilirusha makombora mwezi Machi 1979, nayo yakaangukia kisiwa cha Saa Nane na kuwaua wanyama. Mtu anayesema "kwetu hapakuwa na vita" inafaa akumbuke kisiwa hicho.

Njia ya pili ni mazoezi. Askari hujifunza kulenga shabaha, na kati ya makombora mengi yanayofyatuliwa, machache hayalipuki. Uwanja wa mazoezi wa zamani huweza kusahauliwa, ukawa malisho, kisha ukawa viwanja vya makazi. Mji wetu ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini umekua kwa kasi zaidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Mahali palipokuwa porini tulipokuwa wanafunzi leo pana nyumba za ghorofa. Nani aliyetuandikia kila kilichofanyika katika pori hilo?

Njia ya tatu ni ghala linapolipuka. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala, na usiku wa tarehe 16 Februari 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Kila mkasa uliua watu zaidi ya ishirini. Wengi hawakumbuki kwamba makombora yaliruka kilomita kadhaa yakaangukia mitaa ya watu, mengine bila kulipuka, na wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba kuyaokota. Anayejenga leo katika mitaa ile ana sababu ya kuuliza kabla ya kuchimba shimo la choo.

Njia ya nne ni baruti za machimbo. Hii ndiyo inayotuhusu sisi watu wa Dodoma kuliko zote. Tumezungukwa na vilima vya mawe, na kokoto zetu zinatoka huko. Katika kupasua mwamba, hutokea tundu moja likagoma wakati mengine yanalipuka. Mchimbaji mwangalifu hulishughulikia tundu lile kabla ya kuondoka. Mzembe huondoka. Jiwe lenye baruti ndani yake huweza kukaa miaka mingi, mpaka sururu ya kijana wa watu ilipate.

Njia ya tano ni kubebwa. Mchanga wa kujengea tunauchota makorongoni, kifusi tunakileta kwa lori kutoka tusikokujua, na vyuma chakavu vinasafiri mkoa hadi mkoa. Ninyi mliosoma jiografia na mwalimu wetu yule mkali mtakumbuka habari za mmomonyoko wa Kondoa, hata ukaanzishwa mradi wa HADO mwaka 1973. Maji yanayoweza kung'oa shamba zima yanaweza kubeba kombora kutoka lilikoanguka na kulizika mahali ambapo hakuna aliyepigana. Kwa hiyo hata ardhi safi inaweza kuchafuliwa na lori la mchanga.

Ndugu Mwenyekiti, kuna anayesema kwamba kitu kilichokaa ardhini miaka mia moja kimekwisha nguvu. Kombora lina vitu viwili: baruti yenyewe, na kifyatuo kinachoiwasha. Baruti nyingi, kama ile iitwayo TNT, hukaa miaka mingi mno bila kuharibika. Kinachooza ni kifyatuo. Springi inaliwa na kutu, pini inalegea, na chombo kilichotengenezwa ili kisubiri kigongo kikali sasa kinaweza kuridhika na kigongo kidogo. Tena makombora mengine ya zamani yalitiwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa na baadhi ya metali hutoa chumvi zinazolipuka kwa urahisi kuliko asidi yenyewe. Kwa hiyo uzee wa bomu haumpi mtu ruhusa ya kulishika.

Wenzetu Wajerumani wanajua jambo hili kwa uchungu. Septemba 2017 watu zaidi ya elfu 60 walihamishwa kwa muda katika jiji la Frankfurt, kwa sababu mafundi wa ujenzi walikuta bomu la Kiingereza la tani 1.8 lililoanguka katika Vita Kuu ya Pili. Lile liliteguliwa salama. Lakini Januari 2014, katika mji wa Euskirchen, dereva wa mtambo wa kuchimbua aliuawa na bomu la vita hiyohiyo. Na Desemba 2021, mjini München, bomu lililipuka wakati mafundi wa reli wakitoboa ardhi, watu wanne wakajeruhiwa. Hiyo ni nchi yenye picha za ndege za wakati wa vita, yenye kumbukumbu na vyombo vya kila aina. Sisi tuna nini cha kututia jeuri?

Sasa niwaeleze kazi ninayoiomba inafanywaje, maana wengi wakisikia "uchunguzi" wanafikiri ni mamilioni ya fedha. Sehemu kubwa ya kazi hii ni miguu na maswali.

Hatua ya kwanza ni kuuliza makaratasi na watu. Twende Halmashauri ya Jiji tuone ramani za zamani za eneo hili. Twende Tume ya Madini tuulize kama hapa au jirani kulikuwa na leseni ya kuchimba mawe. Tumwandikie Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, tukiomba kujua kama jeshi lina neno lolote juu ya ardhi hii. Kisha twende kwa wazee. Mzee wa Kigogo aliyechunga ng'ombe hapa miaka ya hamsini na sitini anajua kila shimo na kila jiwe. Hataandika barua, bali atakaa chini ya mbuyu na kusimulia, na sisi tuwe na adabu ya kukaa naye mpaka amalize. Kuuliza si ujinga.

Hatua ya pili ni kukitembea kiwanja, bila kuchimba. Tunatafuta mashimo ya mviringo, vifusi visivyo na sababu, maganda ya risasi, mawe yenye matundu ya kutoboa, na mahali ambapo majani yanaota tofauti.

Hatua ya tatu ni kupima uzito wa hatari. Hapa ninyi wanafunzi msikilize, maana ndiyo hesabu yenyewe. Tunajiuliza mambo matatu. Je, kuna uwezekano gani kwamba kitu kipo? Kama kipo, kuna uwezekano gani kwamba kazi yetu itakigusa? Kikiguswa, kitaumiza nani? Mtaro wa nusu mita unaochimbwa kwa jembe si sawa na shimo la mita tatu linalochimbwa kwa kijiko. Wala kiwanja kitupu si sawa na kiwanja kinachopakana na njia ya watoto wa shule.

Majibu yakionyesha kwamba hatari ni ndogo, tunaandika hivyo, tunatia sahihi, na tunaendelea tukiwa na tahadhari za kawaida. Majibu yakileta shaka, ndipo tunafika hatua ya nne, yaani kuwaita wataalamu wenye vyombo vya kutambua chuma ardhini. Hiyo ndiyo yenye gharama, na huenda tusiifikie kabisa. Chombo hicho nacho hakina macho. Kinalia kwa bomu na kinalia kwa kopo la maziwa. Ndiyo maana pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa baruti yenyewe badala ya chuma. Panya mmoja anamaliza eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi, ambapo mtu mwenye chombo huweza kuchukua hata siku nne. Panya hao walisaidia kuisafisha Msumbiji, ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imemaliza mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa nchini mwetu, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake kule Kambodia. Ikiwa panya wa Morogoro anaheshimiwa na dunia kwa kunusa kabla ya mtu kukanyaga, sisi wasomi tusione haya kufanya hivyo.

Hatua ya tano ni kuwaandaa wachimbaji. Kila asubuhi, kabla ya jembe la kwanza, msimamizi aseme nao kwa dakika tano. Akikuta chuma asichokijua, mtu asimame, asikiguse, asikisogeze wala kukimwagia maji. Awaonye wenzake, wote warudi kwa njia waliyoijia, waweke alama kwa mbali na kuwazuia watu. Asipige simu akiwa karibu nacho. Akiwa mbali, apige polisi kwa namba 112. Na jambo kubwa kuliko yote: kibarua anayesimamisha kazi kwa shaka asikatwe posho, hata kama kitu chenyewe kitakuwa ni bomba la baiskeli.

Ndugu zangu, jambo hili la mwisho nalisema kwa sababu ninalidaiwa.

Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, msimamizi msaidizi wa ujenzi wa zahanati ng'ambo ya mto Kagera. Tulikuwa nyuma ya ratiba, na mvua zilikuwa karibu. Asubuhi moja kibarua mmoja, mtu mzima kuliko mimi, aligonga chuma. Akaweka jembe chini, akaja kuniita: "Bwana msimamizi, njoo uone, hiki sikijui." Nilisimama hatua kumi hivi kutoka pale nikatazama. Kilikuwa kama chupa ndefu yenye mapezi, kimejaa kutu. Nilijua kwamba vita vilikuwa vimepita pale miaka minne tu iliyotangulia. Lakini nilijua pia kwamba nikisimamisha kazi, jeshi litaitwa, na siku tatu au nne zitapotea, na mkubwa wangu ataniuliza. Nikasema, "Hicho ni chuma tu. Kitupeni kwenye kifusi, tuendelee."

Walikitupa. Hakikulipuka. Nikajiona hodari.

Kifusi kile kilikuwa kando ya njia. Siku kumi na moja baadaye mtoto mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alikiokota. Hakufa, lakini alipoteza mkono wa kulia na jicho moja. Wanajeshi walikuja, wakakuta vingine viwili kwenye kifusi kilekile. Nilikwenda hospitali kumwona mtoto. Baba yake alinipokea kwa heshima kubwa, akanishukuru kwa kuacha kazi zangu na kuja kuwapa pole. Hakujua ni nani aliyesema "kitupeni". Mimi sikumwambia. Yule kibarua alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama, naye hakusema.

Nimejenga mengi baada ya hapo, na baadhi yenu mmepita juu ya madaraja niliyoyasimamia. Habari hii sijapata kuisema mbele ya watu mpaka leo. Ninaisema leo kwa sababu jana jioni, yule ndugu yetu alipocheka, niliisikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 1983.

Na ninyi vijana, msifikiri haya ni mambo ya wahandisi peke yao. Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, mwanafunzi aliokota bomu la kutupa kwa mkono akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lilipuka shuleni. Wanafunzi watano walikufa na makumi wakajeruhiwa. Hakuna kilo ya chuma chakavu yenye bei hiyo. Chuma usichokijua mwache mwenyewe, kisha mwambie mwalimu.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wanasimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na neno la Kigogo, kwa sababu ya tembo aliyezama matopeni mahali hapa. Ardhi iliyoweza kummeza tembo haishindwi kuficha kitu cha ukubwa wa chupa. Mimi binafsi naamini kwamba hatari katika kiwanja hiki ni ndogo. Natumaini baada ya wiki mbili nitarudi kwenu na karatasi moja isemayo hivyo, nanyi mtanicheka. Nitacheka pamoja nanyi. Lakini "hatari ni ndogo" ni jibu linalopatikana baada ya kuuliza. Halifai kuwa kisingizio cha kutouliza.

Wiki mbili, nauli za watu watatu, barua tatu, na mbuzi mmoja wa wazee. Mbuzi huyo nitamlipa mimi.



(Baada ya hotuba hii mkutano ulikubali kwa kura nyingi kuahirisha kuchimba msingi kwa wiki mbili. Wajumbe watatu waliteuliwa kwenda kwa wazee na maofisini, mmoja wao akiwa ndugu yule aliyecheka, ambaye alijitolea mwenyewe. — Mhariri.)